Sabuni ya Mkono Mmoja

Zedekiah Owino alikuwa mtu wa kukoroga. Wengine ni mafundi wa kushona, wengine wa kuchomelea vyuma. Yeye, ukiuliza kule Kariobangi, ungeambiwa ni yule mzee mkorogaji wa nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, na ungeelekezwa hadi kwenye banda lake la mabati bila maswali zaidi. Umri wake ulikuwa umepita sitini. Alikuwa mrefu na mkavu, na bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya lile la kushoto kama rafu ya duka iliyopakiwa upande mmoja tu.

Alichokoroga ni sabuni ya maji. Kabla ya banda hili alikuwa amekoroga miaka mingi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, mpaka kiwanda kikanunua mashine, na mashine ikachukua nafasi yake bila hata kumsalimia. Alitoka huko na vitu viwili: mwiko wa mti wa mvule, mrefu kumshinda mkewe, na sheria aliyofundishwa na msimamizi wake, marehemu Mativo. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Sabuni hukorogwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja, kuelekea upande mmoja, tangu unga unapoingia majini mpaka mwisho. Ukibadilisha upande, inavunjika. Ukibadilisha mtu, inavunjika vibaya zaidi. Na sabuni ikivunjika, mafuta yanakwenda zake, maji yanakwenda zake, na katikati yanabaki mabonge ambayo huwezi kumuuzia hata adui yako.

Habari ya upande mmoja inajulikana na wakorogaji wengi wa Nairobi, na sitabishana nao. Habari ya mtu mmoja ilikuwa ya Mativo peke yake, na Zedekiah aliishika kama wengine wanavyoshika katekisimu. Hata mkono wake mwenyewe wa kushoto aliuona mgeni. Mkewe Aoko, ambaye majirani walimwita Mama Austine, aliosha mapipa, aliwasha jiko, alijaza mitungi na kuuza, lakini mwiko hakuruhusiwa kuugusa ila wakati wa kuuosha. Mara kwa mara alimchokoza mumewe kwamba mkono mmoja haulei mwana. Zedekiah alimjibu kwamba sabuni si mwana, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa miaka.

Sasa mwaka huo bega lilianza kudai haki yake. Usiku alilala kwa ubavu wa kushoto tu, na asubuhi Aoko alimvisha shati kama anavyovishwa mtoto wa chekechea. Nayo biashara ilikuwa taabani. Ungarol, ule uji mzito mweupe unaoipa sabuni nguvu na povu, ulikuwa ukipanda bei kila meli ilipotia nanga, na watengenezaji wadogo wa Kariobangi walikuwa wakifunga mabanda mmoja baada ya mwingine. Zedekiah alikuwa bado hajafunga kwa sababu moja tu. Akifunga, angerudi kijijini kwao Ugenya kukaa kwenye kiti na kungojea, na hakujua angekuwa anangojea nini.

Aliyewaletea njia ya kutokea alikuwa Wavinya, mwalimu wa kemia katika chuo kimoja cha ufundi, aliyeimba kwaya moja na Aoko. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa akawaeleza polepole. Kitu chochote kinachotoa uchafu, alisema, sharti kiwe ndumakuwili. Kichwa kimoja kishike maji, kichwa cha pili kishike mafuta, ndipo mafuta yaburutwe na kumwagwa pamoja na maji. Ungarol ni ndumakuwili wa kununua. Lakini kuna CMC, ule unga mweupe ambao Zedekiah alikuwa akiutia siku zote ili sabuni iwe nzito. Asili yake ni nyuzi za miti na pamba, zilizobadilishwa kiwandani mpaka zikakubali kuyeyuka. Unga huo tayari unapenda maji. Ukiunganishwa na mafuta ya nazi, kwa moto mdogo na kostiki kidogo sana, yale magadi makali ya viwandani, unaota mikia inayopenda mafuta, nao unakuwa ndumakuwili, tena mpole kwa ngozi kuliko ungarol.

Tatizo ni kwamba unga na mafuta havipendani. Lazima vilazimishwe kukaa pamoja, kwa joto la wastani na mkorogo usiokatika, tangu asubuhi mpaka jua lianze kushuka. Mkorogo ukilegea, mafuta yanapanda, unga unazama, na kazi yote imekwisha. Chuoni Wavinya alikuwa amefaulu kwa kichombo kinachojikoroga chenyewe, lakini kichombo hicho kilitosha jagi moja tu. Akauliza katika banda hili watapokezana akina nani.

Zedekiah alisema hakuna kupokezana. Aoko aliinua macho akaangalia mabati ya paa, kama mtu anayekagua kama yanavuja.

Mafuta ya nazi yalikuwa ya pipa moja tu, mabaki ya mradi wa kina mama wa kanisa uliokufa. Mnunuzi naye alikuwa mmoja. Kalekye aliongoza kundi la mama fua huko mtaa wa Kware, wanawake wanaopanda ngazi za maghorofa wakiuliza mlango kwa mlango kama kuna nguo za kufua. Ungarol na maji ya kisima yenye chumvi vilikuwa vimewapasua mikono hadi wengine walishindwa kukunja vidole. Kalekye alisema sabuni isiyochoma wangeichukua kila wiki, kundi zima. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Pipa hilo likifaulu, pesa za mama fua zingenunua mafuta mengine na banda lingeendelea. Likivunjika, hakukuwa na mafuta mengine, na Zedekiah angefunga kufuli na kwenda nyumbani na bega lake.

Walianza Jumamosi asubuhi. Wavinya alishika kipimajoto akakaa karibu na jiko, akiongeza na kupunguza makaa. Aoko aliupepeta unga na kuunyunyiza kidogo kidogo, na Zedekiah akauzamisha mwiko na kuanza safari yake ya mduara. Nje boda boda zilipiga honi, watengeneza masufuria wakagonga bati zao, na ndani ya pipa unga na mafuta na maji vilizunguka vikigombana. Kwa saa za mwanzo mzee alikuwa mzuri kumtazama. Hakutumia nguvu, aliinama kidogo, akauacha uzito wa mwili ufanye kazi, na mwiko ukazunguka bila kugonga ukingo.

Lakini kuchoka hakujali ufundi. Jua lilipopanda juu ya mabati, maumivu yalikuwa yametoka begani yakashuka hadi kwenye kiwiko, kisha hadi kwenye vidole, na Zedekiah akaanza kukoroga kwa kiuno. Baadaye akakoroga kwa magoti. Wavinya aliyaona hayo akajitolea kumpokea, kwa adabu, na mzee akamwambia kwa adabu vilevile kwamba mwalimu aangalie moto. Aoko hakujitolea. Alikaa kwenye gunia la makaa huku mikono imelala mapajani na macho yake kwenye pipa.

Kalekye aliwasili mchana na karai lililojaa masufuria yenye mafuta magumu ya nyama, aliyopewa na rafiki yake anayeosha vyombo kwenye hoteli moja ya nyama choma kule soko la Burma. Alitaka kuijaribu sabuni mwenyewe, hapo hapo, kabla ya kuwapelekea wenzake maneno matupu. Alimtazama mzee, akatazama mwiko, akakaa chini.

"Mzee, hii kazi yako ni kama mtu anachimba kaburi peke yake na kijiji chote kimesimama hapo," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Haukupita muda, mwiko ukasimama. Ulisimama kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, kisha ukaendelea. Ukasimama tena. Zedekiah aliuambia mkono uende, na mkono ukakataa kama punda aliyelala barabarani. Juu ya pipa, palipokuwa na uji laini wa rangi ya maziwa, yakatokea macho madogo ya mafuta. Moja, kisha mengine kando yake, na yakaanza kutafutana na kuungana. Wavinya aliyaona akasimama wima. Kalekye, ambaye hakujua kemia, aliuona uso wa Wavinya na hakuhitaji kuelezwa.

"Baba Austine, leta," Aoko alisema.

"Itavunjika."

"Ikivunjika, utasema ni mimi nimevunja. Utaambia watu wote. Leta mwiko."

Kuna watu wanaojisalimisha kwa kelele na kuna wanaojisalimisha polepole. Zedekiah alimtazama mkewe, akatazama macho ya mafuta yanavyonenepa, na akafikiria kufuli, basi la kwenda Ugenya, na kile kiti kinachomngoja kibarazani. Hofu ilimjaa, na chini ya hofu kulikuwa na kitu cha aibu zaidi, kwa sababu sehemu ya moyo wake ilitaka pipa livunjike mikononi mwa mtu mwingine. Angalau hapo sheria ingekuwa kweli na yeye angekuwa na haki. Kisha akaugeuza mpini akampa.

Aoko aliupokea. Hakukimbia kukoroga kama angefanya mgeni. Aliuegemeza wayo mmoja kwenye tofali lililoshikilia pipa, akauzamisha mwiko hadi chini, akaupandisha taratibu ukingoni ili unga uliozama urudi juu, kisha ndipo akaanza kuuzungusha, kuelekea upande ule ule. Alichovya vidole kwenye maji ya vuguvugu akanyunyiza pembeni mwa pipa, pale ambapo uji hukauka na kufanya maganda. Macho ya mafuta yalitetemeka, yakajinyoosha yakawa nyuzi, na nyuzi zikamezana zenyewe kwa zenyewe mpaka hazikuonekana tena.

Zedekiah alikuwa amekaa kwenye gunia, akingoja kuvunjika. Alingoja kama mtu anavyongoja radi baada ya kuona umeme. Radi haikuja. Uji ulizidi kulainika, na Wavinya akasema kwa sauti ya chini kwamba joto ni zuri na mambo yako sawa. Lakini mzee hakuwa akiangalia uji tena. Alikuwa akiangalia ule wayo juu ya tofali.

Hakuna mtu anayezaliwa akijua kuweka mguu pale. Yeye mwenyewe alikuwa amegundua baada ya miezi mingi, na yale maji ya pembeni hakuwahi kumfundisha mtu yeyote. Alimngoja Wavinya atoke nje kuleta makaa, na Kalekye amfuate kumsaidia, ndipo akauliza.

"Wewe umekoroga hii kitu mbeleni."

Aoko hakuacha kukoroga. "Nimekoroga," alisema.

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za soko. Mara ya kwanza ilikuwa wakati Zedekiah alipokwenda kumzika nduguye. Shule moja ya nasari iliagiza sabuni, na yeye hakutaka kuwapoteza, kwa hiyo akafunga mlango wa banda na kukoroga. Mumewe aliporudi, akamwambia kwamba walikuwa na akiba. Baadaye ikawa kila jua linapokuwa kali. Zedekiah angekula chakula cha mchana, angekaa kwenye kiti na kusema anafumba macho dakika mbili, na angelala fofofo huku mwiko umeegemea pipa. Aoko angeuchukua. Aliposikia anakohoa kuamka, angeurudisha vilevile ulivyokuwa.

Sasa Zedekiah alikumbuka alivyokuwa akiwaambia wateja kwamba sabuni yake inamjua, kwamba hata akisinzia kidogo inamngoja bila kuharibika. Walikuwa wakimcheka kwa upole na kumwita daktari wa sabuni. Alihisi uso unawaka. Akamhesabu mkewe kati ya waliomcheka, halafu akaona si haki, kwa kuwa yeye ndiye pekee ambaye hakuwahi kucheka.

Na fikira haiji peke yake. Akamwona Mativo kwenye kile kiwanda, na kalamu nyuma ya sikio, akipita kati ya mapipa na kuwaambia vijana kwamba sabuni haipendi mikono miwili. Kila pipa lilikuwa na mtu wake mmoja. Mtu akitaka kwenda msalani alibana mpaka zamu iishe, kwa sababu akitoka, pipa litavunjika na lawama ni yake. Mtu akiumwa alikoroga akiumwa. Hakuna aliyeomba wa kumpokea, maana nani angependa kuvunja sabuni ya kiwanda kizima? Kumbe kupokezana kungegharimu mshahara wa mtu wa pili. Mwenye kiwanda hakuwahitaji askari mlangoni, alihitaji tu kila mkorogaji aamini kwamba mkono wake ni wa pekee. Pengine Mativo naye aliambiwa hivyo na aliyemtangulia, na alikufa akiamini. Zedekiah hakuweza kumchukia, ingawa alijaribu. Alichoweza ni kulitazama bega lake na kuona wazi lilikokwenda.

"Nilikuwa nadhani ni sabuni inataka hivyo," alisema.

"Najua," Aoko alimjibu, na akanyunyiza maji pembeni.

Wavinya na Kalekye walirudi na makaa. Tangu hapo kazi ilikwenda kwa zamu: Aoko, kisha Wavinya aliyekoroga kwa haraka mno na kuambiwa apunguze, kisha Kalekye, ambaye alisema kukoroga ni raha ukilinganisha na kukamua blanketi la watu wanne. Kila mwiko ulipobadilisha mkono, Zedekiah alikaza taya. Mazoea yana taabu. Kila mara uji ulibaki mzima, na kila mara aliumia upya, kwa sababu kila zamu iliyofaulu ilikuwa siku nyingine ya zamani ambayo angeweza kupumzika na hakupumzika.

Jua lilipolegea juu ya Kariobangi, Wavinya alizima moto na kuongeza maji. Sabuni ilikuwa nyepesi kidogo, rangi ya ute wa yai, na haikuwa na harufu yoyote ya kusifika. Kalekye alijaza karai maji ya kisima, yale yale ya chumvi yanayowatesa Kware, akamimina sabuni na kuanza na sufuria lililokuwa baya kuliko yote. Watu wa Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, tunapenda povu kama tunavyopenda mazishi yenye magari mengi. Bila hivyo hatuamini kwamba kitu kimefanyika. Povu lilikuwa haba. Kalekye alikunja uso. Kisha mafuta yakaanza kung'oka kwenye sufuria na kuelea vipande vipande, naye akaendelea kusugua, na wote wakamtazama mikono.

Alipomaliza hakulisifia sufuria. Aliinua viganja vyake, vyenye nyufa zilizokuwa nyekundu ndani, akavitazama mbele na nyuma.

"Haichomi," alisema. "Povu hakuna, na wale wasichana watalalamika, lakini haichomi. Jumatatu nitumie mitungi mitatu, niwaoneshe." Akaondoka na karai lake kichwani, na Wavinya akamsindikiza hadi stejini kupanda matatu.

Banda likabaki na watu wawili. Aoko alikuwa akiosha mwiko. Zedekiah alikuwa pale pale kwenye gunia, na mtu angemtazama asingedhani kwamba biashara yake ilikuwa imetoka kuokolewa mbele ya macho yake. Furaha ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa mbali, kama mgeni aliyefika usiku na kukuta wenyeji wamelala.

Alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia miaka hiyo yote. Aoko alijibu kwamba kiwandani alikuwa ametolewa bila hata asante, na hiyo sheria ndiyo heshima pekee aliyorudi nayo nyumbani. Yeye angeanzia wapi kumpokonya? Afadhali aibe zamu kidogo kidogo, mzee apumzike bila kujua.

"Na leo je? Mbona leo umesema?"

"Leo ulinipa mwiko na mkono yako," Aoko alisema. "Hizo siku zingine nilikuwa naiba."

Zedekiah aliinamisha kichwa. Alitaka kumshukuru na alitaka kumgombeza, akakosa nguvu za lolote kati ya hayo mawili. Lililomtoka ni neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya Mativo, wala mbele ya wateja, wala katika miaka yote ya ndoa yao.

"Nimechoka, Mama Austine."

Aoko hakumtafutia methali. Alisema anajua, na kwamba pipa lijalo yeye ndiye ataanza kulikoroga asubuhi, na Zedekiah atakuja akiamka. Mzee alikubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameshuka hadi mashavuni na alitaka kujipangusa, lakini mkono haukunyanyuka, kwa hiyo Aoko akauweka mwiko chini, akamsogelea, na kumpangusa uso kwa upindo wa leso yake.